Tanga Nililolinyoosha Kama Turubai

Shida zilinianza mwaka wa 1959, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Baba, kibarua wa reli, alifariki, tukatolewa kwenye nyumba ya reli pale Makongeni, Nairobi, na shule ikaishia darasa la tatu. Sitafuti huruma. Naeleza tu kwa nini nilijua kushika sindano ya gunia kabla sijajua kuandika barua. Nilianza na magunia yaliyotoboka, nikaingia viti vya magari, mwisho nikawa fundi wa turubai za malori, na kibanda changu mwenyewe kando ya Jogoo Road. Kufikia miaka ya tisini, dereva aliyetaka mzigo wake usinyeshewe alikuja kwangu. Nilijivuna. Bado najivuna.

Nilikuwa na marafiki wawili wa kweli. Mmoja dereva wa lori, mtu wa Ukambani, mdomo hauna breki. Mwingine seremala kutoka Magharibi, tuliyepanga naye ploti moja Umoja mpaka akapata kazi Mtwapa, kwa mama mmoja Mzungu, mjane, aliyekuwa na boti ya matanga.

Mwaka wa 1994 tanga kubwa la boti hiyo liliraruka. Mama alitaka kuagiza lingine Ulaya. Seremala akamwambia, "Usiagize, mama. Kuna mtu wangu Nairobi."

"Akiharibu kitambaa changu, utamfuata yeye Nairobi," mama akajibu. Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa, safi kuliko changu. Na hakuwa anatania. Seremala alikuwa na watoto wanne shuleni.

Dereva aliniletea tanga la zamani juu ya mzigo wa nazi, na kitambaa kipya. Nikalitandaza lile la zamani uwanjani nipime. Halikulala chini, katikati limevimba kama shati la mtu mwenye kitambi. Nikasema moyoni, limelegea kwa uzee, ama waliolishona hawakujua kazi. Turubai yenye tumbo hukusanya maji ya mvua, na mwenye mzigo atakutukana. Kwa hivyo nilimshonea mama tanga lililonyooka kama meza. Sikumuuliza mtu. Fundi mkubwa amuulize nani?

Mwezi wa nane mama akasema tuje wote watatu, tukalijaribu tanga hadi Kilifi, tumsaidie kuvuta kamba. Mimi sikuwa nimewahi kuingia baharini hata mguu. Kwenda, upepo ulitusukuma kutoka nyuma, boti ikateleza nje ya mwamba, na pwani yote ikapita kando yetu: mchanga mweupe, mahoteli, mashamba ya mkonge. Nilikaa nimenyoosha miguu kama waziri. Dereva alitapika mpaka akaanza kuomba kwa Kikamba.

"Ona hiyo kazi," nikawaambia. "Haina kunyanzi hata moja."

Usiku tulitia nanga Kilifi. Asubuhi tukageuza kurudi, upepo sasa uko mbele yetu, tena mdogo. Mama alieleza kwamba boti haiendi moja kwa moja kuelekea upepo. Inakata kushoto, inakata kulia, inapanda polepole. Yetu haikupanda. Ilikwenda upande kama kaa. Saa tatu nzima tulikuwa tukitazama hoteli ile ile yenye paa jekundu.

"Fundi," dereva akasema, "hiyo hoteli inatufuata ama?"

Mama alilitazama tanga langu, kisha akamgeukia seremala. Mimi hakunitazama.

"Bapa kabisa. Uliniambia huyu ni fundi."

"Ni fundi, mama."

"Basi tukifika Mtwapa kusanya vyombo vyako."

Seremala angeweza kunirushia lawama zote, na ingekuwa haki. Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, kosa liko wapi?"

Nikatazama tanga dogo la mbele, lile lililoshonwa Ulaya. Lilikuwa na tumbo. Tumbo zuri, la mviringo, na upepo umeketi ndani yake. Langu lilikuwa limesimama kama bati, upepo unapita tu. Nikahisi uso unaniwaka.

"Mama," nikasema, "kosa ni langu, si la huyu. La zamani lilikuwa na tumbo, nikadhani ni uzee. Nililinyoosha. Turudi Kilifi unipe siku mbili."

Akanikazia macho. "Ulilinyoosha!" Akakisukuma kiko chake cha tumbaku mdomoni. "Mbili. Si tatu."

Tulilitandaza juu ya boti. Dereva alifumua mishono kwa wembe, huku akiniita fundi wa mahema ya matanga. Seremala alinishikia kitambaa kikaze. Nilikunja kila mshono zaidi kwenye miisho na kidogo katikati, jinsi unavyobana gauni ili kifua kipate nafasi, nikashona kwa mkono, ngozi ya kusukumia sindano kiganjani, uzi wenye nta. Vidole vilitoa damu. Hao watu wawili hawakuwa na deni lolote kwangu, na hawakuondoka kando yangu.

Siku ya tatu tukapandisha. Tanga likapiga kelele mara moja, likajaa, boti ikalala ubavu na kuanza kupanda. Kabla ya saa sita lile paa jekundu lilikuwa nyuma yetu. Mama hakunisifu. Alinipa usukani, akanionyesha mnara wa mbali nielekeze boti huko, kisha akamwambia seremala, "Jumatatu uje mapema. Mlango wa stoo haufungi."

Seremala akageuka akajifuta uso kwa mkono wa shati. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mtu huyo mpaka leo. Alifanya kazi pale hadi alipostaafu, na kupitia kwake wenye boti wengine wa Mtwapa na Kilifi walinitumia matanga yao. Kwa kila moja nimeuliza kwanza.

Leo nina nyumba ya vyumba vitatu Komarock, hati mkononi, hakuna wa kunitoa. Vyumba sita vya kupangisha Umoja. Cherehani nne za kitambaa kizito, moja mbovu. Pikapu moja. Ekari mbili na ng'ombe watatu.