Aliyenipima kwa Mizani ya Karafuu

Nimepata habari kwamba yule bwana lishe wa Mpendae ameshazikwa, na kwamba waliobeba jeneza walipokezana mabega mara nyingi kuliko kawaida. Siwacheki wafiwa, marehemu mwenyewe angelicheka. Aliwafundisha watu wengi wa mji huu kukadiria chakula kinachomtosha mtu kwa siku, ila cha kwake hakuwahi kukikadiria.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa karani katika ghala la karafuu. Magoti yaliniuma, daktari akanipeleka kwa bwana lishe huyo nipunguzwe uzito. Ilikuwa aibu, maana mchele ulikuwa wa foleni na unene wangu ukitiliwa shaka. Kumbe wakwe zangu wa Makunduchi wakituletea mihogo na nazi kila wiki. Mizani ya hospitali ilikuwa mbovu, basi akaja kunipima kwa mizani ya ghalani, mbele ya wachukuzi. Akaandika uzito, urefu na umri, kisha akauliza ninafanya nini mchana kutwa. Nikamwambia naandika. Akataka kujua kalamu yangu ina ratili ngapi.

Wachukuzi walipokwisha kucheka, akampandisha mmoja wao mizanini, mtu wa Bwejuu, mwembamba. Akampigia hesabu ileile: kalori za mwili uliotulia, kisha akaongeza za kazi, magunia tangu asubuhi hadi alasiri. Jibu likawa karibu mara mbili ya langu. Akamuuliza amekula nini.

"Nshakunywa chai," akajibu, "na kipande cha muhogo."

Bwana lishe akaniamuru nimpe yule mchukuzi nusu ya chakula changu kila mchana. Mchukuzi akakataa, akasema yeye si ombaomba.

"Hupewi sadaka," bwana lishe akamwambia. "Huyu ni mgonjwa, na wewe ndiye dawa yake."

Mwezi wa kwanza niliwachukia wote wawili. Siku moja nilijificha nyuma ya magunia nikala peke yangu mpaka nikamaliza. Nilipotoka, nikamkuta dawa yangu ameshanawa mikono, amekaa ananingoja. Alipoona sina kitu mkononi, akarudi kwenye magunia. Alasiri ile sikuweza kumtazama. Sikurudia tena. Baada ya miezi kadhaa magoti yangu yalipanda ngazi bila kulalamika, na yeye mashavu yakaanza kumjaa. Tukala pamoja mpaka alipoacha kazi.

Siku hizi watu wazima wenzangu wanahesabu kalori kwa bidii, kila mmoja na sahani yake. Wahesabu tu, ina faida, ili mradi wasijidanganye kuhusu kazi wanazofanya. Mimi nilijifunza jambo moja zaidi: chakula kinachomzidi mtu kina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe yuko karibu, ananyamaza kwa heshima.