Saa Nzima Jino la Mdogo Wangu Likiwa Mfukoni

Jamani, kosa ni langu. Si la kamba, si la mdogo wangu, wala msimsingizie shetani, maana siku ile nadhani hata yeye alikuwa na shughuli zake kwingine. Nimelibeba jambo hili miezi mingi, na leo nalitua hapa kwenu kwa sababu hamnijui.

Mimi ni kijana wa huku juu Upareni, upande wa Chome. Shule niliishia kidato cha pili, ila ndoto hazijaishia popote. Nalima maharage na tangawizi, na jembe likiwa mkononi, kichwani nina kampuni tatu zinaendelea na kazi.

Mojawapo ya kampuni hizo ilikuwa bembea.

Msicheke kwanza! Wageni wanaopanda kwenda msitu wa Shengena hupita kando ya shamba letu. Wakifika ukingoni lazima wasimame, maana pale unaiona barabara kuu chini kabisa, malori yamepangana kama siafu, halafu nyika hiyo inakwenda mpaka macho yachoke. Nikasema, hapa nikifunga bembea, mtu akapigwa picha kama anaruka mawinguni, nani atapita bila kusimama? Jina la biashara nilikuwa nalo tayari. Nilichokosa ni kamba.

Na kamba ilikuwepo. Juu ya kenchi za jiko letu ilining'inia kamba ya katani ya baba, ndefu, ya miaka na miaka. Baba alishaniambia mara nyingi, "Hiyo imechoka. Hata mbuzi usimfunge nayo." Mtu wa kabila lingine angeuliza kwa nini basi haitupwi. Sisi Wapare mnatujua. Kwetu kamba haitupwi, inastaafu. Inakaa juu pale, inakula moshi, inaheshimiwa kama mzee wa kanisa, na atakayeigusa atajieleza.

Siku hiyo wazazi wote wawili walikuwa wameteremka mnadani. Nikaishusha kamba, nikaifunga kwenye mkaratusi, nikatoboa ubao, na bembea ikawa bembea. Ilibaki kupata mtu wa kupanda ili nichukue video ya matangazo.

Nina mdogo wangu wa kike. Nimwite Namsifu, si jina lake. Ana miaka kumi na minne, yuko kidato cha pili, na ni mcheshi kuliko mimi. Akicheka, meno yote yanatoka kukusalimia.

"Ikikatika je?" aliniuliza.

"Ikikatika nakudaka."

Akanitazama mikono, akasema mikono hiyohiyo iliyomwangusha jogoo Krismasi, haya. Lakini alipanda. Alipanda kwa sababu aliyemwambia apande ni kaka yake.

Mara ya kwanza safi. Mara ya pili safi zaidi, naye anaimba kabisa. Mara ya tatu kamba ikakatika upande mmoja. Namsifu akaangukia huku, kwenye nyasi, si kule kwenye korongo, na kwa hilo nitamshukuru Mungu mpaka nizeeke. Ila ubao uliruka, ukarudi, ukampiga mdomoni.

Alipoinua uso, damu. Na jino moja la mbele, la juu, halipo. Nikaliona kwenye nyasi, jeupe, zima na mzizi wake mrefu. Sikuwahi kujua kwamba jino lina mguu mrefu namna ile!

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana ungamo langu ndilo hili.

Zahanati ya kijiji iko mwendo wa dakika kumi kutoka pale. Dakika kumi, tena kwa kuteremka! Mtu mwenye akili angemshika mdogo wake mkono wakaenda. Mimi nililiokota jino, nikalifunga kwenye karatasi ya chooni, nikalitia mfuko wa shati. Nikamkalisha Namsifu chini ya mti, nikampa kanga aume. Nikamwambia, "Tulia hapo kidogo."

Halafu nikaanza kufungua kamba.

Ndiyo. Niliogopa baba angerudi akute kamba yake imekatika. Nilipanda mkaratusi nikafungua fundo, likagoma, nikalifungua kwa meno yangu, mazima yote. Nikaunganisha palipokatika. Nikauosha ubao damu. Nikarudi nyumbani mbio, nikaipandisha kamba kenchini, nikaizungusha vilevile ilivyokuwa, hata vumbi nikairudishia! Nilipomrudia Namsifu, kivuli cha mti kilikuwa kimemwacha, amekaa juani, kanga imelowa, ananingoja. Ilikuwa imepita saa nzima.

Njiani nikamfundisha la kusema. Alianguka njiani akienda kuchota maji, jiwe likampiga. Imetokea sasa hivi. Akaitikia kwa kichwa, maana mdomo hauwezi.

Nesi wa zahanati yetu ni mama mtu mzima. Nimwite Mama Eli. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia hata marahaba, alishaona damu. Akauliza jino liko wapi. Nikalitoa mfukoni. Akalishika sehemu ile nyeupe tu, mzizi hakuugusa kabisa.

"Limetoka muda gani?"

"Sasa hivi, nesi. Dakika kumi."

Akamgeukia Namsifu. Namsifu akaitikia kwa kichwa.

Mama Eli akalisuuza kidogo kwa maji safi bila kulisugua, akamtuma mtu kwa jirani kuleta maziwa mabichi, akalizamisha ndani ya kichupa. Huku anafanya kazi ananieleza, na sauti yake ilikuwa nzuri, ya kunipongeza. Akasema mzizi wa jino umevaa nyuzi ndogo ndogo zilizo hai, ndizo zinazolishika jino kwenye mfupa. Zikikauka zinakufa, na ndani ya saa moja mambo yanakuwa yameharibika. Akasema, "Bahati yenu mmewahi, mwanangu. Hili tunaweza kuliokoa."

Rafiki yangu, hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nikasema, "Asante sana, nesi."

Akapiga simu Same kwa daktari wa meno wa hospitali moja pale mjini. Nikamsikia kwa masikio yangu akisema, "Dakika kumi kavu, baada ya hapo maziwa." Uongo wangu ukashuka mlima kabla yetu. Sisi tukaufuata kwa bodaboda, barabara ile mnaijua, mawe yanaongea na mgongo. Namsifu katikati, kichupa mkononi, amekishika kama yai.

Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye mzaha. Akamchoma sindano ya ganzi, akasafisha tundu, kisha akalirudisha jino pole pole kwa kidole mpaka likaingia mahali pake. Mimi nilikuwa nimetegemea nyundo! Baada ya hapo akachukua waya mwembamba kama uzi wa gitaa, akaugandisha mbele ya jino lile na majirani zake wa kushoto na kulia kwa kitu kama gundi nyeupe, akakikausha kwa taa ya buluu. Akasema jino limefungwa bandeji kama mkono uliovunjika, ila bandeji ya meno inaruhusu jino licheze kidogo, kwa wiki mbili.

Akampa sindano ya pepopunda na dawa. Akamwambia apige mswaki laini, asukutue, asing'ate kitu kigumu, arudi kutibiwa mzizi kwa ndani. Na makande asile kwanza.

Mpare asile makande! Namsifu aliyapokea yote kwa utulivu, ila hapo chozi likamtoka.

Shuleni wakambatiza Seng'enge. Yeye akawajibu kwamba wenye wivu wanyamaze, kinywani ana antena, huku milimani ni yeye peke yake anayeshika mtandao bila kupanda kichuguu. Darasa zima likahamia upande wake. Nyumbani anakunywa uji na mtori, anaiga sauti ya daktari, mama anacheka mpaka anashika ukuta. Baba akaniita kijana wa maana kwa jinsi nilivyomwahisha mwenzangu. Kamba iko juu pale, imetulia. Nikaanza kuamini kwamba nimeokoka.

Wiki mbili zikaisha, waya ukatolewa, jino limesimama. Mzizi ukatibiwa. Tukawa tunarudi kwa ukaguzi, mimi na yeye, kila mara tunakula chapati pale stendi.

Miezi ikapita. Safari moja daktari akagonga meno ya Namsifu moja moja kwa mpini wa kifaa chake. Mengine yakatoa sauti ya meno. Lile likalia kama unagonga kikombe cha bati. Akagonga tena. Akapiga picha ya eksirei, akaitazama muda mrefu, mzaha wote umemtoka.

Akatueleza kwamba jino limegandana na mfupa, na mfupa umeanza kuula mzizi. Taratibu, lakini unaula. Akasema haelewi, maana jino lililokauka dakika kumi tu halitegemewi kwenda hivi. Halafu akasema, kama anaongea peke yake, "Labda yale maziwa yalikuwa mabaya. Itabidi nimpigie yule nesi, asije akaharibu na la mwingine."

Akanyanyua simu.

 Namsifu aligeuka tu kwenye kile kiti kirefu cha wagonjwa akanitazama. Miezi yote ile hajawahi kunitaja, si kwa mama, si kwa rafiki zake. Na hata pale hakunitaja. Alinitazama.

"Daktari, weka simu," nikasema. "Maziwa hayana kosa. Nililiweka mfukoni saa nzima."

Akauliza nilikuwa nafanya nini hiyo saa nzima. Nikamwambia nilikuwa narudisha kamba. Ilinibidi nirudie, maana hakuelewa, na mara ya pili ilisikika vibaya kuliko ya kwanza.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea! Akasema angejua siku ile bado angelirudisha jino, maana hata lililokauka lina faida, linamsitiri msichana miaka kadhaa na kuutunza mfupa. Lakini angeliandaa kwa namna nyingine, angeanza dawa ya mzizi mapema zaidi, na angetuambia ukweli wa kutegemea. Namsifu bado anakua, akasema, na jino lililogandana halikui na mwenzake. Litabaki juu wakati mengine yanashuka. Siku moja litatolewa, atawekewa la bandia. Lini, hajui.

Tulipofika nyumbani nilimweleza baba kabla sijakaa. Alikuwa anachambua maharage. Akasikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akaingia jikoni, akatoka na ile kamba, akaitupa kwenye moto. Mpare! Kamba nzima!

"Kamba," akasema. "Mtoto anatoka damu, wewe unaniogopa kwa sababu ya kamba." Hakuwa na hasira. Nilimwona ameumia, kama aliyegundua kosa ambalo na yeye ana mkono ndani yake. Siku ile hakula.

Kesho yake nikateremka kwa Mama Eli. Yeye alinifokea, tena vizuri, nikashukuru.

Aliyebaki ni Namsifu. Nilimwomba msamaha tukiwa shambani, akasema amenisamehe zamani, nisimsumbue. Tukalima. Nikadhani yamekwisha. Tulipofika mwisho wa tuta akasimama, akaniambia maneno ambayo sijayapeleka popote mpaka leo.

"Kaka, jino si kitu. Mimi siku ile nilikuwa naogopa, nilitaka unishike mkono. Nikawa nakuona uko juu ya mti, unafungua kamba."

Akaendelea kulima. Nami nikaingia tuta la pili, nikalima nyuma yake. 

Basi ndugu zangu, vijana wenzangu wenye kampuni kichwani, nawaomba. Mtu akitokwa na jino la ukubwani, lishikeni sehemu nyeupe, mzizi msiuguse. Likiwa na uchafu lisuuzeni kidogo tu, msilisugue kama sufuria. Mkiweza, lirudisheni kwenye tundu lake palepale, ang'ate kitambaa, mkimbie. Mkishindwa, liwekeni kwenye maziwa mabichi. Sio karatasi, sio mfuko wa shati! Na mkiulizwa limetoka muda gani, semeni muda wake, hata kama kila dakika inawataja ninyi.

Ila kabla ya maziwa, kabla ya zahanati, kabla hamjafikiria baba atasema nini, mshikeni mtu wenu mkono. Namsifu anacheka bado, na jino bado lipo. Tukiwa peke yetu wawili anacheka wazi kama zamani. Lakini wageni wakija, siku hizi nimeanza kumwona ananyanyua kiganja, anaziba mdomo, na anaangalia kama nimemwona.