Radio Isiyojua Kusema Marahaba

Ile "klak" ya kitufe cha radiokaseti bado iko masikioni mwangu.

Leo maendeleo yamefika darasa langu la kwanza, hapa Ifakara. Mwalimu Mkuu aliyabeba mwenyewe, kwa mikono miwili, kama padri na Ekaristi.

"Mwalimu, hii haiugui malaria wala haiombi ruhusa. Ikifundisha vizuri leo, wewe nakuhamishia darasa la tano."

Watoto hawa niliwashikisha kalamu mimi. Lakini sawa.

Akabonyeza.

"Hamjambo watoto?" ikauliza sauti ya mama mpole.

Darasa zima likasimama. "Hatujambo! Shikamoo mwalimu!"

Mama hakuitikia. Akaanza kuhesabu mbuzi.

Watoto wakabaki wima. Hajasema marahaba, wangekaaje?

Mwalimu Mkuu akaongeza sauti ya radio. Nao wakaongeza ya shikamoo.

Mbuzi wakaisha, darasa bado limesimama.

Anjela, wa dawati la mbele, akaninong'oneza, "Mwalimu, tumemkosea nini?"

Mngekuwa mimi mngemjibu nini? Niambieni.

Mimi nilizima, nikasema marahaba, wakakaa.

Nimeshamwambia Mwalimu Mkuu kuwa darasa la kwanza siliachi. Radio nimeipeleka darasa la saba, analofundisha yeye. Wale wameshazoea kusalimia bila kuitikiwa.