Joto la Kifuani

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia la Afrika Kusini, mke wangu alijifungua binti yetu wa kwanza wiki nane kabla ya siku zake kutimia. Alikuwa saluni, anasuka kichwa cha mteja, macho yakaanza kuona nyotanyota. Shinikizo la damu lilikuwa limepanda vibaya. Wenzake wakamkimbiza hospitali, na kabla jua halijazama alikuwa amepasuliwa. Mimi nilikuwa kazini na simu yangu imebaki kwenye koti, nje ya chumba cha ndizi. Nilipofika, nesi alinipeleka kwenye kisanduku cha kioo. Niliona kofia ya sufu kwanza, kisha nikamtafuta mtoto yuko wapi. Kilo moja na gramu mia tatu.

Kazi yangu ilikuwa kuivisha ndizi, katika ghala moja karibu na bandari. Ndugu zangu Bukavu walicheka nilipowaeleza kwa simu: ndizi huiva zenyewe, wewe unafanya nini hapo? Lakini ndizi zinafika Durban mbichi, zimelazwa na baridi ndani ya maboksi, na lazima mtu aziamshe zote pamoja kwa gesi ya kuivisha. Zamu yetu ilikuwa ya watu wawili: mimi na Mrundi wa umri wangu, ambaye kwao alikuwa bwana shamba, mtu wa maneno mengi. Siku yangu ya kwanza alichomeka kipimajoto ndani ya ndizi, akanionyesha namba. Kisha akanionyesha namba ya hewa ya chumba. Ndizi ilikuwa na joto zaidi.

"Nani ameipasha hii?" akaniuliza.

"Mashine."

"Mashine inapoza. Hii inajipasha yenyewe. Iko hai, ndugu. Inapumua."

Akanieleza huku tunapanga maboksi. Shambani, jani lilipokea mwanga wa jua, likachukua maji kutoka mizizini na hewa iliyolizunguka, likatengeneza sukari, na sukari ile ikahifadhiwa ndani ya tunda. Mkungu ukishakatwa, hakuna jani tena la kuilisha ndizi. Inaanza kula akiba yake. Inavuta hewa, inaiunguza ile sukari polepole, inapata nguvu ya kuiva, na inatoa joto pamoja na hewa ile ile tunayoitoa sisi puani. Ndiyo sababu tulifungua milango na kungoja kabla ya kuingia. "Chumba kimejaa pumzi zao," alisema. "Ukiingia haraka utaanguka." Nilimsikiliza kwa heshima tu. Nilikuwa nawaza kodi ya chumba chetu mtaa wa Overport.

Siku ya nne baada ya mtoto kuzaliwa, sista mkuu wa wodi aliniita pembeni. Alikuwa Mzulu, mwanamke mfupi mwenye miwani.

"Baba," akaanza. Neno hilo ni moja kwao na kwetu, na kila aliponiita hivyo nilihisi naitwa na shangazi. "Mtoto wako anapokea maziwa vizuri, lakini hakui. Leo amepungua tena. Hana mafuta mwilini. Kila tone tunalompa analiunguza kujipasha moto, hakuna linalobaki la kumkuza."

Nilikuwa nimewahi kuyasikia maneno hayo, ila yalihusu ndizi.

"Tutafanya nini?"

"Dawa yake ni ngozi. Mama anambeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana na usiku. Joto linatoka kwa mama, maziwa yanabaki kwa mtoto. Lakini mkeo bado ana dripu, hawezi kukaa. Kuna bibi? Dada?"

"Sista, hapa tuko wawili tu."

Alinitazama juu ya miwani yake. "Basi nenda kaoge, halafu vua shati."

Sitasema nilikubali kwa ushujaa. Nilioga kwa sabuni ya hospitali mara mbili, nikibishana na nafsi yangu. Kwetu mwanamume hukabidhiwa mtoto akishakaza shingo. Na chumba nilichoelekezwa kilikuwa cha akina mama wanane, kila mmoja na mtoto wake kifuani. Nilipoingia walicheka mpaka mmoja akashika mshono wake. Kisha huyo huyo akasogeza mto, akanionyesha kiti.

Sista akamlaza binti yangu katikati ya kifua, miguu imekunjwa kama ya chura, shavu limeelekea moyo. Akatufunga pamoja kwa kitenge cha mke wangu. Sikuhisi uzito wowote. Nilihisi nyayo mbili za baridi. Nikakaa bila kutikisika, nikiogopa hata kumeza mate. Muda ukapita, sijui kiasi gani, nikatambua kwamba sizihisi tena zile nyayo. Zilikuwa na joto sawa na langu.

Tangu hapo nikawa mkazi wa kile kiti. Mke wangu, akiwa ghorofa ya juu, alikamua maziwa kidogo kidogo, nesi akayateremsha kwenye kikombe. Mrundi akafanya zamu zangu pamoja na zake. Jumamosi alikuja na sufuria ya sombe na bugali aliyopika mkewe, akaagiza ipelekwe kwanza kwa mzazi. Kisha akasimama mlangoni mwa wodi, akinitazama nilivyofungwa kitenge. Nilidhani atanicheka.

"Majani ya muhogo yamekula jua," akasema. "Mke wako anakula majani. Mtoto anakula maziwa ya mke wako. Na wewe?"

"Mimi natoa joto tu."

"Voilà. Lakini hilo joto pia linatoka kwenye chakula. Sasa kula, bandugu zako wasije kukuzika hapa." Akanilisha kwa mkono wake, tonge kwa tonge, kwa sababu mikono yangu ilikuwa imemshika mtoto.

Siku iliyofuata, adhuhuri, mtoto aliacha kupumua. Hakulia wala hakushtuka. Kile kifua kidogo kilichokuwa kinapanda na kushuka juu ya changu kilitulia, basi. Nikamtazama, midomo inageuka rangi. Nikamsugua mgongo kama nilivyofundishwa. "Pumua, mama. Pumua, mama yangu." Akavuta hewa ghafla, kama mtu aliyeibuka majini. Sista alipofika nilikuwa nalia mbele ya akina mama wanane, na hakuna aliyecheka.

"Watoto kama hawa husahau kupumua," sista akasema, mkono wake begani kwangu. "Bado hawajazoea. Ukimkumbusha, anakumbuka."

Kila asubuhi walimpima. Siku mbili mshale haukusogea. Siku ya tatu, gramu kumi. Kesho yake, ishirini na tano. Wale mama wakapiga vigelegele mpaka nesi wa wodi ya jirani akaja kuuliza kuna nini.

Siku ya tisa mke wangu aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Alikuwa hajamwona mtoto ila kwenye simu yangu. Alimtazama kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Papa, umekonda."

"Yeye amenenepa."

Nikafungua kitenge. Sista akamhamisha mtoto, naye akajikunja kwenye kifua kipya bila kuamka. Mke wangu akaweka kiganja chake juu ya mgongo ule. "Iko moto," akanong'ona. "Iko moto kabisa." Nikavaa shati, nikakaa sakafuni karibu na magurudumu ya kile kiti, kwa sababu sikujua niende wapi.

Walikaa pale wiki nne zaidi, kisha tukarudi nyumbani. Hata Overport tuliendelea kupokezana, yeye akipika nambeba mimi, nikienda kazini anambeba yeye. Mpaka Jumapili moja, tunajiandaa kwenda kanisani, binti yetu akaanza kunisukuma. Shingo yake ilikuwa na jasho. Alinikanyaga tumbo kwa miguu yote miwili, akakunja uso, akalia kwa hasira. Mke wangu akaja mbio kutoka jikoni, akamgusa paji la uso, akacheka.

"Mwachilie, Papa. Anasikia joto. Yeye sasa anajitosha."

Nikamlaza kitandani. Akapiga mateke hewani, akanyamaza.