Casimir na Bendi Isiyo na Timu

Pale Highlandtown, upande wa mashariki wa Baltimore, hakuna aliyemshinda Casimir Pilarski kwa kichwa kigumu. Nasema hivi nikimpenda. Alikuwa fundi wa kiwanda cha chuma, mcheshi, mkono wazi akiwa baa, ila akishatamka neno mbele za watu, hata malaika wasingemrudisha nyuma.

Casimir alipiga tarumbeta katika bendi ya Colts, timu yetu ya ule mpira wa Kimarekani wenye umbo la yai. Mkewe, Bernadine, alipiga matoazi katika bendi hiyohiyo. Jumapili walitoka kanisani moja kwa moja kwenda uwanjani, wamevaa sare, na majirani waliokaa kwenye ngazi zao za marumaru waliwapungia mkono.

"Matoazi hata paka anaweza kupiga," Casimir alizoea kumtania.

"Basi si ungeoa paka," Bernadine alimjibu, na mtaa mzima ukacheka.

Machi ya mwaka 1984, usiku mmoja wa theluji, malori ya kuhamisha samani yakaja yakabeba kila kitu cha timu yakaondoka nacho kwenda Indianapolis. Tuliamka tumeachwa. Watu wazima walilia, na mimi sioni haya kusema nilikuwa mmoja wao. Lakini wageni wengi hawajui kilichofuata: bendi haikuhama. Sare zilikuwa kwa dobi, ndiyo maana zikaokoka. Zikafichwa kwa muda ndani ya jumba la kaburi, na wanabendi wakakata shauri kuendelea kupiga, timu iwepo isiwepo.

Casimir hakutaka hata kusikia habari hizo. Alisimama baa, uso umemwiva kwa hasira, akala kiapo kwamba hatavaa tena sare mpaka mji upate timu. Watu wakampigia makofi na kumnunulia bia. Makofi yale ndiyo yaliyomponza, maana bila makofi angekuwa amesahau baada ya wiki mbili.

Siku bendi ilipotoka mara ya kwanza bila timu, alimkuta Bernadine jikoni akipiga pasi sketi ya sare.

"Unakwenda kumpigia nani, Bernie?"

"Watu."

"Watu gani? Timu imekimbia. Bendi bila timu ni harusi bila bwana harusi."

"Bwana harusi kakimbia, keki ipo," alisema Bernadine bila kuinua macho. "Njoo tukaile."

"Nimekula kiapo."

"Najua. Mtaa mzima unajua. Hakuna atakayekufunga jela ukikivunja, Cas."

"Watanicheka."

"Wakucheke siku mbili. Mimi nitakuwa pembeni yako."

Casimir alifungua friji, akatafuta kitu asichokihitaji. Basi la bendi lilipopiga honi nje, Bernadine akabeba matoazi yake akatoka. Yeye akabaki nyuma ya pazia, akitamani kukimbia barabarani hata na soksi. Hakukimbia.

Ndivyo mambo yalivyoendelea. Bendi ikaanza kualikwa miji ya watu, kupiga wakati wa mapumziko katika mechi za timu zisizo zetu. Bernadine alikuwa akirudi usiku akinuka baridi na kahawa ya njiani, mashavu mekundu, maneno yamemjaa mdomoni. Casimir hakumuuliza kitu. Alijifanya amelala, au anasoma gazeti. Mwanzoni Bernadine alisimulia hivyohivyo. Baadaye akazoea kuvua viatu mlangoni na kwenda kitandani kimya.

Kila msimu ulipoanza, alimwambia, "Nafasi ipo, Cas," na kila msimu akapata jibu lilelile. Kisha akaacha kusema. Casimir aliliona hilo, likamchoma, lakini kufungua mdomo kulimshinda. Kiapo alichokula kuikomoa timu kilikuwa kikimkomoa mkewe, na timu yenyewe haikujua kama Casimir Pilarski yuko duniani.

Bernadine alifariki mwanzoni mwa mwaka 1995, kwa moyo. Bendi ilikuja kumpigia nje ya kanisa. Casimir alisimama katika koti jeusi, mikono mitupu, akaona aibu ambayo hata kifo hakikuifunika.

Novemba ya mwaka huohuo ikaja habari kwamba timu ya Cleveland inahamia kwetu. Tuliwafanyia watu wa Cleveland kama tulivyofanyiwa sisi, na tukanywa bia bila kusita. Casimir alikunywa moja, ikamkwama. Kiapo kimekwisha, na aliyekuwa akimsubiri hayupo.

Hata hivyo alirudi. Walimpokea bila maneno makali, na msimu ulipofunguliwa alitembea uwanjani na wenzake, midomo imekufa ganzi, nusu ya nota akizipiga na nusu akizimeza. Watu walisimama, wengi wakilia kama siku ile ya malori. Alijaribu kufurahi. Kila mara aligeuza shingo kuelekea safu ya matoazi, ambako mwanamke asiyemjua aligonga sawasawa kabisa.

Baada ya mechi wanabendi walikaa kwenye maegesho, nyuma ya magari, wakila soseji na kabichi chachu. Delphine Sudek, mpiga filimbi wa siku zote, akamsogezea sahani.

"Kula, mpenzi," alisema, kama wanawake wa kwetu wanavyomwita kila mtu. "Leo safari ni fupi, lakini basi halikuwa na raha. Hakuna wa kutuimbia."

"Nani alikuwa anaimba?"

"Si Bernie! Zile nyimbo za Kipolandi za bibi yake. Dereva alikuwa anazima redio amsikilize. Njia nzima ya Ohio, twende turudi."

Casimir alikuwa ameishi na Bernadine miaka thelathini na minne. Hakuwahi kumsikia akiimba, isipokuwa kanisani, chinichini, pamoja na wengine.

"Kwani hakukusimulia?" Delphine aliuliza.

"Alitaka. Mimi ndiye sikutaka kusikia." Akaweka sahani chini. "Nisimulie wewe. Anzia mwanzo. Safari ya kwanza kabisa aliimba nini?"

Delphine akafuta mikono yake polepole kwenye leso.

"Ya kwanza hakuimba, mpenzi," alisema. "Ya kwanza alilia mpaka tukafika."