Ndege Niliyoiweka Kama Mahindi

Niliweka vidonge vya kuhifadhia mahindi ndani ya ndege. Naanza na hilo ili msomaji asipoteze muda kunitafutia akili huko mbele. Vidonge vinane, vile vya kijivu tunavyovitumbukiza katikati ya magunia stoo. Kisha nikaifunika ndege yote kwa turubai, nikakandamiza pembe zake kwa mchanga ili hewa isitoke, nikarudi ndani kunywa chai kama mtu aliyemaliza kazi ya maana.

Ndege ilikuwa yangu. Najua inavyosikika. Nyuma ya nyumba yetu, hapa Mbozi, kulikuwa na shamba kubwa la kahawa la mzungu mmoja mzee, na kiwanja chake cha nyasi cha kurushia ndege kilipakana na ua wangu. Mimi nilikuwa karani wake wa mizani. Alipoamua kurudi kwao akafie huko, aliuza kila kitu. Watu walinunua vitanda, masufuria, mashine ya kumenyea kahawa. Ndege, ya injini moja na viti vinne, hakuna aliyeiulizia, wala banda lake la mabati.

Sasa, marehemu baba alinifundisha kwamba kitu hununuliwa siku ambayo hakuna anayekitaka, na huuzwa siku ambayo wote wanakililia. Huku kwetu kila mwenye stoo anaishi hivyo. Mahindi ya Julai huyauzi, hata mtoto akikosa viatu. Unasubiri Februari, malori yajipange Tunduma, ndipo unafungua mlango polepole huku unapiga miayo. Nikaitazama ile ndege nikaona gunia la Julai.

Hela sikuwa nayo. Nilikuwa na ekari tatu za mibuni iliyopandwa na baba kwa mkono wake. Nikaenda kumuuzia jirani yangu, mjane wa mtu niliyekua naye kama ndugu, mama mwenye hela zake na asiyependa maneno mengi.

"Shemeji, ndege ya nini?" akauliza. "Wewe Mbeya tu unaenda na mfuko wa kutapikia."

"Siendi nayo popote. Nanunua niuze."

Akanitazama kama anayekagua ng'ombe mwenye kikohozi.

"Haya. Shamba nanunua. Ila kwa heshima ya marehemu, sing'oi hata mti mmoja mpaka kahawa ya mwakani ichumwe. Ukiniletea hela yangu kabla ya hapo, shamba lako hilo. Usipoleta, napanda parachichi."

Nikaondoka nikiruka ruka. Siku ya tatu mke wangu, akiniwekea ugali, akasema, "Baba, nimeenda kuhesabu viti. Ni vinne, na sisi tuko sita. Nani na nani wanabaki?"

Mteja alikuja mapema kuliko nilivyotegemea, Agosti, mwezi mmoja tu baada ya kuinunua. Alikuwa rubani kutoka Iringa, anabeba watalii, kijana mtaratibu mwenye mikono misafi. Aliizunguka ndege, akaigongagonga, akasoma makaratasi yake moja moja. Mwisho akaomba aijaribu angani.

"Karibu upande, mzee," akaniambia, mlango ukiwa wazi.

"Nina tumbo."

"Tumbo hilo analo tangu anioe," mke wangu akasema kutoka uani.

Akapaa peke yake. Hiyo ndiyo mara moja tu niliyoiona ndege yangu ikiwa ndege. Ilipita juu ya mibuni ya baba, ikapinda kuelekea milimani, jua likalamba bawa moja, na mimi nimesimama chini nimeshika kofia yangu kama niko msibani. Aliposhuka akataja bei. Ilitosha kulikomboa shamba lote na kubakiza mabati ya jikoni.

Nikaomba nifikirie. Kufikiria kwangu maana yake ni kumpigia simu binamu yangu, dalali wa mahindi pale Tunduma, anayeuziana na Wazambia mpaka lugha yao imemganda mdomoni.

"Kaka, huu mwezi gani?" akaniuliza.

"Agosti."

"Na nani mwenye akili anauza Agosti? Barabara kavu, kila mtu anapita. Subiri mvua, mukwai! Njia ya Chitete ikikatika, wakubwa wa wilaya watafikaje ofisini kwao Momba? Kwa ungo?"

Tukacheka sana wote wawili. Nikamwambia rubani arudi Februari.

"Mzee," akasema, "ndege si mahindi. Isiporuka inaoza. Halafu kibali chake cha kuruka kinaisha Desemba, na kukihuisha lazima fundi aikague."

"Hata mahindi tuliambiwa yanaoza," nikamjibu.

Yeye hakucheka.

Desemba ikaja, kibali kikafa. Kumleta fundi kulihitaji nisafiri, nikae kwenye maofisi ya watu, nilale kitanda nisichokijua. Mimi nikilala nje ya nyumba yangu naota nimezikwa. Nikasema nitakwenda wiki ijayo, na hiyo wiki ijayo bado naisubiri.

Mvua zikanyesha kama binamu alivyotabiri, njia ikakatika kama alivyotabiri. Nikakaa barazani na redio, nimevaa shati safi, nikisubiri gari la wakubwa likate kona. Hakuna aliyekuja. Watu walivua viatu, wakakunja suruali, wakasukuma pikipiki kwenye tope. Wakubwa wakasubiri matope yakauke. Ilikuwa Machi ndipo nilipoelewa kwamba wanaohitaji kufika Chitete hawana hela ya ndege, na wenye hela ya ndege hawana haraka ya kufika Chitete.

Katika kusubiri huko, mke wangu akaona panya anapenya upande wa gurudumu. Panya hula nyaya, hilo hata mimi nalijua. Na panya wa stoo tunawamaliza kwa nini? Ndipo ile kazi ya vidonge na turubai.

Rubani hakurudi Februari; Mei nikampigia mimi mwenyewe. Akaja na fundi wa ndege, mtu mzima asiyesalimia mara mbili. Fundi akafungua kifuniko cha visaa vya vipimo mbele ya kiti cha rubani, akamulika, akanusa.

"Nani kaweka dawa ya mahindi humu?"

Mke wangu alinigeukia kwa uso wake wote.

"Hewa ya vile vidonge inakula shaba," fundi akasema. Nyaya zilikuwa nyeusi kama zilizotoka kwenye moto, na redio ilikuwa imekufa. Panya hakugusa hata waya mmoja. Kisha akaingiza ndani ya injini kamera nyembamba kama mkia wa mjusi, akanionyesha kwenye kioo: kutu, ya rangi ya udongo wetu.

"Inatengenezeka?" nikauliza.

"Kila kitu kinatengenezeka. Ila kwa hela hiyo utanunua nyingine nzima."

Rubani akachukua magurudumu, viti na pangaboi la mbele. Alinilipa kwa haki. Wakati wanafunga kamba kwenye gari akaniambia, bila ubaya, "Ushauri nilikupa bure Agosti, mzee. Nadhani ulisubiri nao upande bei."

Nimelifikiria hilo kuliko nilivyofikiria kuhusu vidonge. Mahindi yana Februari kwa sababu watu wote hula. Ndege yangu ilikuwa na mteja mmoja, siku moja, saa nne asubuhi, na mimi nikasema nina tumbo.

Kahawa ilipomalizika kuchumwa nikaweka nilicholipwa kwenye bahasha nikaenda kwa jirani. Njiani nilikuwa nimepanga maneno, mazuri tu, yenye marehemu ndani yake. Nikamkuta shambani. Nusu ya mibuni ya baba ilikuwa imelala chini, mizizi juu, na vibarua walikuwa wameshaanza kuchimba. Miche ya parachichi ilipangwa kivulini kwenye viriba vyake.

"Shemeji," nikasema, "niongezee msimu mmoja tu. Nimeleta cha kuanzia."

Akafungua bahasha, akachungulia, akaifunga vizuri na kunirudishia mkononi. Mimi sikuondoka. Sikujua niende wapi, na nyumbani kulikuwa kule kule nilikotoka. Vibarua wakaacha kuchimba, wakawa wananitazama.

"Shemeji, hapo uliposimama ndipo shimo linalofuata," akasema. "Kama huna hela, shika jembe, nalipa kwa shimo."