Sura Iliyofungiwa Mandasi

Siku ile sura ilipopotea walikuwapo hawa: Profesa, mchungaji, bibi jirani aliyetuazima karai, wadogo zangu wawili, na mimi. Niliwataja tena mmoja mmoja wiki iliyopita, nilipotoka Lilongwe ninakoshona nguo, nikasimama Dzaleka, kambi ya wakimbizi, mahali ilipokuwa nyumba yetu. Sasa pana kibanda cha kuchaji simu.

Ungemwona Profesa, ungempenda. Alikuwa amefundisha falsafa chuo kikuu kule Bukavu, Kongo, na kuandika vitabu viwili. Kambini alivaa koti lake la kufundishia hata akienda kuchota maji. Hapa hakupata kazi. Alifundisha watu wazima bure nyuma ya kanisa, na kitabu cha tatu akakiandika kwa mkono, kila ukurasa mara mbili: kwanza ovyo, kisha safi. Zile za ovyo alinipa nifungie mandasi, maandazi niliyouza sokoni, maana wazazi wetu walikuwa wamefariki na mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la tano ili wadogo wapate kula. Bado nasikia mafuta yakichemka alfajiri, na moshi wa kuni mbichi machoni.

Jumatatu mchungaji angekipeleka kitabu mjini kikachapwe. Jumamosi Profesa alikuwa kwenye foleni ya maji, akaniambia niende mwenyewe nikachukue karatasi. Nilikuta mafungu mawili, yote Kifaransa. La juu lilikuwa na mikwaruzo ya wino, nikadhani ndilo langu, nikalichukua.

Adhuhuri mchungaji alikuja kuhesabu sura. Ya mwisho, ambayo Profesa alikuwa bado hajaiandika safi, haikuwepo.

“Yaya,” mdogo wangu mmoja akaninong'oneza mimi dada yake, “ile ya maandishi makubwa njo nilimupa mutu wa kabaza, ule wa kubeba bantu na baiskeli.”

Tulikimbia soko zima. Tulirudi na kurasa nne zilizolowa mafuta. Nyingine zilikuwa zimetumiwa kuwashia moto, nyingine zimekwenda chooni.

“Weee, Prof!” bibi jirani akasema. “Bantu bamekunywa chai na falsafa yako!”

Profesa alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakaa juu ya ndoo. Nilipiga magoti kuomba msamaha.

“Simama, mama,” Profesa akaniambia. “Mi mikono inatetemeka, siwezi kuandika tena. Mi nitasema, we utaandika.”

Basi kila jioni, baada ya kuosha karai, nilikaa na daftari. Alisema kwa Kiswahili kwa ajili yangu. Mwandiko wangu ulikuwa wa polepole, alingoja kila neno, akiniuliza, “Umefika wapi?” Tulifika katikati ya sura. Mvua zikaanza, kifua kikambana, akapelekwa hospitali, hakurudi.

Sasa wanafunzi wake wananipigia simu, wengine wako mbali sana. Kitabu kiko wapi? Nawaambia sura nyingine zipo, lakini ya mwisho ninayo nusu tu. Nimejaribu kuandika sentensi inayofuata, nikaifuta, nikajaribu tena. Najua kukata gauni. Alichotaka kusema yule mzee sikijui, na hakuna wa kumuuliza. Wadogo zangu wamesoma, wamemaliza. Mimi nusu ile bado nadaiwa.